Kulthumu na Mfupa wa Mbuzi

Ukimuuliza Kulthumu Yuma kwa nini karibu aache masomo, hatakutajia mitihani. Atakutajia watu. Mama yake, baba yake mdogo, rafiki yake, profesa wake. Walimchosha mpaka akawa anaongea peke yake njiani.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa biolojia chuo kikuu, hapo Lubumbashi, na kwa mémoire yake, tasnifu ya kumalizia masomo, alichagua kulinganisha miguu ya mbele ya wanyama: kuku, mbwa, nguruwe, mbuzi. Mbuzi ndiye aliyemteka. Kati ya goti la mbele na kwato, mbuzi ana mfupa mmoja mrefu, mnyoofu, ambao kila mla nyama wa Katanga ameushika na kuufyonza uboho. Lakini ukiutazama vizuri, unaona mfereji mwembamba umepita katikati yake, kama mshono. Vitabu vinasema kwamba tumboni mwa mama mfupa huo huanza ukiwa mifupa miwili, ambayo huungana kadiri mtoto anavyokua. Kulthumu hakutaka kusoma tu, alitaka kuona kwa macho yake. Na ili uone, unahitaji mbuzi ambaye bado hajazaliwa.

Baba yake mdogo, Zakari, alikuwa mchinjaji mtaa wa Naviundu. Waislamu kwa Wakristo walinunua nyama kwake, maana alisifika kwa usafi. Kulthumu alimwendea asubuhi, akamwamkia kwa adabu, akamweleza shida yake. Zakari akaacha kunoa kisu.

"Weye Kulthumu! Unakuya ku kazi yangu, mbele ya bantu, unaniomba mutoto ya mbuzi ya mu tumbo?"

"Ndiyo, baba. Kama inatokeaka..."

"Inatokeaka wapi? Mi nachinjaka mbuzi ya mimba? Njo ile banawafundishaka ku université?"

Wateja wakageuka. Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kuchagua paja akasema atarudi baadaye, na hakurudi. Kwa watu wa Zakari, kumchinja mnyama mwenye mimba ni aibu. Lakini mbuzi wanafika kwa malori kutoka barabara ya Kasenga, wamebanana, na hakuna anayewauliza kama wana watoto tumboni. Kila mchinjaji analijua hilo. Kulthumu alikosea kulisema pale, mbele ya nyama iliyotundikwa.

Jioni Zakari alikuja nyumbani kushtaki. Mama yake Kulthumu, Mama Najma, hakuhitaji kuchochewa, alikuwa amejaa tayari.

"Sufuria yangu kubwa iko wapi?" alimgeukia binti yake. "Inapika mifupa. Juu ya paa kuna nini? Mifupa inakauka. Leo jirani ananiuliza mwana yangu amepika imbwa ya nani."

"Mama, ile imbwa iligongwa na motokari ku barabara."

"Kumbe! Basi sasa iko muzuri!"

Kulthumu akafunga mdomo. Ungemwelezaje mtu kwamba mbwa anatembea kwa vidole vyake kama mtu anayenyata, na kwamba hilo linaonekana tu mifupa ikiwa safi?

Nguruwe ilikuwa taabu nyingine. Nyama hiyo isingeweza kuvuka mlango wa Mama Najma, wala Kulthumu mwenyewe hakutaka ivuke. Kwa hiyo alimwomba Lydie, mwanafunzi mwenzake, Mkatoliki wa mtaa wa Bel-Air, anunue mguu mmoja na kuuchemsha kwao. Alimpa maagizo yote: moto mdogo, bila chumvi, na kila mfupa uwekwe, hata ule mdogo kama punje ya muhindi. Lydie akaitikia. Kulthumu alipokwenda kuichukua mifupa, Lydie alimpokea kwenye kizingiti, macho chini.

"Usikasirike. Mama alifikiri ni chakula."

"Lydie!"

"Aliweka mu sombe, mu majani ya muhogo. Tulikuya kuyua kisha kula."

"Na mifupa?"

"Imbwa bale ba jirani..."

"Hata vidole?"

"Ile vidole, mama alisema njo tamu zaidi."

Kulthumu aliondoka bila kuaga. Siku hiyohiyo alikwenda kumwona Profesa Adalbert, msimamizi wake, akitumaini kupata muda zaidi. Profesa alimsikiliza huku akipanga karatasi zake.

"Mademoiselle, bila nguruwe hauna ulinganisho. Bila kijusi hauna ukuaji. Sasa unabaki na nini? Unabaki na supu." Akashauri achague kazi nyingine, labda samaki wa mabwawa, jambo jepesi. Kulthumu alitoka akalia nyuma ya jengo, na kilichomliza ni hasira.

Alikuwa amekwisha kuanza kusoma habari za samaki, kwa chuki, Zakari alipompigia simu.

"Kuya. Usiseme kitu kwa muntu. Kuya tu."

Alimkuta amefunga duka mchana kweupe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chumba cha nyuma, mikono magotini, na mbele yake palikuwa na beseni lililofunikwa kitambaa.

"Nilinunua mbuzi ya kutoka ku Kasomeno," alisema. "Nikaona iko manono. Nikafurahi." Akakivuta kitambaa akitazama kando. "Haikuwa manono."

Ndani ya beseni walikuwamo watoto wawili wa mbuzi, wamekunjana, bado hawana manyoya.

Kulthumu alikuwa na maneno mengi yaliyomkaa kooni tangu siku ile ya wateja. Alifungua mdomo ayatoe. Kisha akaona jinsi baba yake mdogo asivyoweza kutazama ndani ya beseni, akayameza yote.

"Nilitaka kubazika," Zakari akasema. "Kisha nikakukumbuka. Ile unatafutaka, njo iko mule?"

"Ngoja tuone, baba."

Alipiga magoti, akachukua wembe, akapasua ngozi ya mguu mmoja wa mbele polepole. Ikatokea mifupa miwili myembamba, myeupe, sambamba, imegusana bila kushikana. Alipitisha ncha ya wembe katikati yake, ikapita bila kuzuiwa. Akasahau hasira, akasahau aibu, akacheka kwa sauti.

Zakari akainama na kuwasha taa ya simu.

"Ni miwili."

"Bado miwili. Ingekua, ingeungana. Shee bantu tuko nayo tano, hapa." Akambonyeza kiganja. "Ya ngulube haiunganaki. Ya mbuzi njo inaungana, anapata mbio."

Zakari akazima taa ya simu.

"Muntu anaweza kuyua mimba mbele ya kuchinja?"

"Kama imekomaa kidogo, ndiyo. Unasukuma na ngumi chini ya tumbo, upande wa kuume, sababu kushoto kumejaa majani. Kama kitu kigumu kinarudi kukugonga, achana naye."

Mmoja walimzika pamoja. Mwingine Kulthumu alimtia katika formoli, dawa ya kuhifadhia, ndani ya chupa kubwa. Mama Najma alikataa chupa hiyo ilale chini ya paa lake, ikaenda kukaa Bel-Air kwa kina Lydie, na Kulthumu akaiandika kwa herufi kubwa: SI CHAKULA. Mama yake Lydie aliyasoma maneno hayo akakasirika kweli. Halafu akanunua mguu mwingine wa nguruwe, akauchemsha mwenyewe bila chumvi, akaleta mifupa yote imeoshwa.

Kazi ya mifupa ilikubaliwa. Profesa Adalbert aliisifu, kisha akasema kichwa cha kazi hiyo ni kirefu mno.

Siku hizi Kulthumu anafundisha biolojia shule ya sekondari, lakini lori la mbuzi likiingia tu, simu inalia, ni Zakari. Utamkuta katikati ya vumbi, ngumi chini ya tumbo la mnyama, wauzaji wakimtukana kwa kuwaharibia biashara.

"Baba, mi nilisomea mifupa!"

"Mifupa itangoja. Angalia ile nyeusi."

Wale wenye mimba Zakari hawachinji tena. Anawanunua vilevile, kwa kuwa hawezi kuwaachia wachinjaji wengine, na hana pa kuwaweka ila uani kwa shemeji yake. Juzi mmoja alizaa huko, na kabla hajamaliza kumlamba mtoto wake alikuwa amekwisha kutafuna kitenge cha Mama Najma kilichoanikwa. Mama Najma alimpigia binti yake simu katikati ya somo. Kulthumu aliisogeza simu mbali na sikio, na darasa zima likasikia habari za kitenge.