Pazia Lenye Maua ya Njano

Mwalimu mkuu wetu alikuwa na amri moja isiyoguswa: kila kitu kinacholetwa shuleni na mzazi kiandikwe jina la mzazi. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeambiwa kwamba serikali haiwezi peke yake, wazazi wachangie, naye alitaka mchangiaji aonekane. Dawati lilikuwa na jina, ndoo ilikuwa na jina, hata jogoo wa mahafali alivishwa kikaratasi shingoni. Nilikuwa nikiicheka sana amri hiyo.

Shule ilikuwa katika kijiji cha kando ya ziwa Kitangiri, na mimi nilifundisha sayansi darasa la sita. Nilikuwa binti wa mjini Singida, mtoto wa mfanyabiashara, mwenye kiherehere chote cha mwalimu mpya. Samaki ziwani walikuwa wamepungua na sababu ilijulikana. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, marobota ya mitumba yalifika mpaka minada ya vijijini, na ndani yake yalitoka mapazia ya Ulaya, mepesi, yenye vitundu vidogo vidogo. Akina mama waliyanunua, wakashona matatu au manne pamoja yakawa kokoro, wakaliburuta kwenye maji ya magotini. Hapo hakikupona kitu, hata vifaranga vya perege visivyozidi mbegu ya boga.

Aliyekuwa akiyauza mapazia hayo kwenye mnada wetu ni baba yangu. Nilijua, na sikuona aibu. Madirishani kwangu, nyumba ya walimu, niliyatundika mawili, meupe yenye maua ya njano, na nikajiona nimeendelea.

Basi nikaamua tufanye maonyesho ya sayansi. Kijiji kizima kije, watoto wawaeleze wakubwa kwa nini ziwa linaisha. Nikawaagiza walete vitu halisi kutoka nyumbani, maana chuoni tulifundishwa hivyo na mimi nilikuwa nimeshika kama dini. Mgeni rasmi nilimwalika mwenyewe: bwana samaki wa wilaya, afisa wa uvuvi.

Msichana mmoja alipita matarajio yangu. Alikuwa akija kwangu jioni kuazima vitabu, mtoto mkimya, mama yake alimlea peke yake kwa kuwauzia samaki wasafiri wa malori pale Shelui, barabara kuu. Alileta chupa mbili za jamu. Moja ilikuwa na perege watatu wa wavu wa matundu makubwa, nyingine imejaa vifaranga mpaka shingoni. Kisha akafungua furushi, akatandaza mezani kokoro la mapazia. Maua ya njano.

"Mama kasema tusilichane, mwalimu," akaniambia. "Maonyesho yakiisha analitaka."

Nikachukua kalamu nene nikaandika kwenye kadi jina la mama yake, lote, nikaibandika. Nikisema sikufikiri nitakuwa nadanganya. Nilifikiri. Nilijua kokoro limekatazwa, na nilijua nani anakuja. Nikajiambia mtu mzima hawezi kumkamata mama mbele ya watoto, na meza ile ilikuwa nzuri mno kuiharibu.

Siku ilipofika, yule mtoto alieleza vizuri hata wazee wakapiga makofi. Samaki mdogo akivuliwa hajazaa, alisema, mwakani tutavua nini? Bwana samaki akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akainama, akasoma ile kadi.

"Huyu mama yupo?"

Alikuwepo, kiti cha mbele, kwenye kitenge chake cha sikukuu. Akasimama huku anatabasamu. Alidhani anaitwa kushukuriwa.

Bwana samaki alimwambia makosa yake pale pale, kwa sauti ya mkutano, na tabasamu lile likabaki usoni kwa muda kabla halijajua pa kwenda. Kisha akanigeukia mimi.

"Hivi mwalimu, vitambaa hivi wanavipata wapi hawa?"

Msichana alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Alikuwa ameingia nyumbani kwangu mara nyingi, akawahi kumkuta baba yangu huko. Na mnadani baba huyo huyo alikuwa amempimia mama yake mapazia yale, binti akiwa ameshika upande wa pili.

"Sijui, bwana," nikasema. "Labda huko mjini."

Mtoto alinitazama mara moja tu. Akageukia chupa zake, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangwa.

Kokoro lilichomwa karibu na mlingoti wa bendera. Baada ya hapo nikatoa zawadi. Nilimkabidhi yule mtoto madaftari, akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama nilivyowafundisha. Jioni ile nilishusha mapazia yangu nikayaficha chini ya godoro. Baba sikumwambia chochote, na mnada uliofuata aliuza kama kawaida.

Mama yule alienda kufanya vibarua kwenye mashamba ya vitunguu, na binti akaacha shule kumfuata. Nilikutana na mama njiani wiki hiyo. "Shikamoo," nikasema. Akapita. Kwao mtu mzima haachi shikamoo ianguke chini hivi hivi, na mimi sikuweza kumlaumu. Mara tatu nilivaa viatu niende kwao kusema ukweli, na mara tatu nikavivua. Niliogopa aibu ya baba, na zaidi niliogopa yangu.

Baada ya mwezi mtoto alikuja kurudisha kitabu. Mikono yake ilinuka vitunguu. Nilimuuliza kama atarudi shuleni, akasema hajui. Akatazama madirisha yangu matupu, kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mwalimu, usiogope. Sijamwambia mtu. Hata mama sijamwambia."

Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu asante.