Kikombe Mbele ya Kiti Kitupu

Niwieni radhi, nitakisimulia kisa hiki vibaya. Mwili bado unanisisimka. Jumamosi shule ya watoto wa Kiethiopia katika kitongoji cha Rågsved, hapa Uswidi, ilitukaribisha wageni pamoja na wazazi. Mwalimu, mama mpole, alitulisha injera, mkate wao mwembamba wa chachu, kwa mkono wake, akafukiza ubani, akamimina kahawa. Kikombe kimoja akakiweka mbele ya kiti kitupu, akaenda jikoni. Nikadhani ni cha nyongeza. Nikakimaliza.

Aliporudi alikitazama, akashika kifua.

"Amekunywa," akanong'ona kwa Kiswidi. "Mume wangu! Tangu askari wamchukue namwekea, na hajawahi kunywa."

Wazazi wakasimama. Moshi wa ubani ukageuka, ukaelekea kitini.

"Mama, samahani..."

"Nyamaza, kaka. Bado yupo."

Nikafuta kahawa kwenye masharubu. Mzuka wa Rågsved mkiutafuta, ndio unaowaandikia safu hii.