Kiti cha Abiria

Jirani yangu hupapasa kitu kabla ya kukiamini: tikiti maji, kitasa cha mlango, bega la mumewe. Tangu mumewe huyo, Wendell, apooze upande wa kulia hajavuka ua wao, kwa sababu waliojenga mji wetu huu wa wastaafu hapa Florida walikumbuka viwanja vya gofu wakasahau njia za miguu. Nimewaambia hivyo mkutanoni, wakanipigia makofi ya adabu tu. Jana nilimsindikiza jirani yangu kununua gari la gofu lililotumika, lake la kwanza. Hakuuliza betri wala mwendo. Alipapasa kiti cha abiria, akakikalia, akafumba macho.

“Bibi, usukani uko upande wa pili!” muuzaji akacheka. “Au unatafuta dereva? Mimi sina mke.”

“Ungekuwa naye ungejua kunyamaza, kijana. Nifunge mkanda, kisha unipitishe kwenye mashimo.”

Gari lilipoondoka, aliulegeza mkono wake wa kulia, akajilaza kwa uzito wake wote kuelekea nje, mahali pasipo na mlango. Niliwakimbilia, mikono mbele, nimdake. Mkanda ulimshika hadi waliporudi, na muuzaji hakuwa akicheka tena.

“Wendell hataanguka,” jirani yangu akasema, akafumbua macho. “Nalichukua. Sasa nifundishe kuendesha.”