Chai ya Moshi, na Mama Aliyebaki Peke Yake

Nilikuwa sijafika hata nusu ya kikombe dada yangu alipoingia dukani. Nikatamani kujificha.

Si kwamba nilimwogopa. Ni kwamba saa ile, kwa jinsi nilivyojua mimi, dada alikuwa nyumbani na mama.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Mama alivunjika nyonga. Alipotoka hospitali tulikubaliana, mimi na dada, kwamba hatakaa peke yake hata dakika moja. Dada anafundisha chekechea, mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni. Basi mchana zamu yangu, jioni yake.

Tulimtunza kama yai. Maji tunampelekea kitandani, chakula kitandani. Akitaka kusimama tunamrudisha. "Kesho, mama. Leo pumzika."

Jumamosi hiyo dada alikuwa na mkutano shuleni. Mchana mama akaniambia dada amempigia simu, yuko njiani, hata kona ya mwisho keshapita.

"Nenda kapunge upepo, mwanangu. Umekonda kuliko mgonjwa."

Nilipaswa kusubiri dada afike. Sikusubiri. Kwa kuona aibu ya kwenda kustarehe, nilimdanganya mama kwamba nakwenda kununua zipu, nikatoka mbio kama mtoto aliyefunguliwa geti.

Sasa, jirani na duka la dawa kuna duka la chai. Chai tupu, majani ya kila aina kwenye mitungi ya kioo mpaka darini. Kila nikifuata dawa za mama nalipita nikilimezea mate.

Muuzaji, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaniuliza napenda nini. Nikamwambia nipe ambayo sijawahi kunywa. Akacheka, akanitengenezea chai nyeusi ambayo majani yake hukaushwa kwa moshi wa kuni. Akanionya nisitie sukari kwanza.

Jamani.

Funda la kwanza nilihisi nimelamba sufuria iliyoungua. La pili nikakunja uso. La tatu kitu kikaanza kunikolea, joto likashuka hadi vidoleni. Nikafumba macho. Nikafurahi.

Na kufurahi huko ndiko kulikonichoma. Mama yako hawezi hata kugeuka vizuri kitandani, wewe umekaa unaonja onja? Nikajiona mwizi. Lakini kikombe sikukiweka chini.

Ndipo dada akaingia. Kabla hajaniona, muuzaji akamsalimia, "Mwalimu, karibu. Ile yako ya kila siku?"

Ya kila siku! Kumbe ile "foleni ya duka la dawa" tunayoambiwa kila jioni ilikuwa hapa.

Tukatazamana. Aibu ilimjaa usoni kama iliyonijaa mimi. Kisha aibu ikamtoka, ukaingia woga.

"Mama yuko na nani?" akaniuliza.

"Si wewe ulimpigia ukasema uko njiani?"

"Mimi? Yeye ndiye kanipigia. Kasema nisiharakishe, uko naye."

Hatukuagana na mtu. Njia nzima dada analia kimya kimya, mimi namwomba Mungu anisamehe lile funda la tatu.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Tukaita. Kimya. Kitanda kitupu, shuka chini.

Tulimkuta uani. Amekaa kwenye kigoda, fimbo mapajani, kiwiko kimechubuka kinavuja damu. Ameegemea ukuta, anaota jua.

Dada akapiga magoti kumshika mkono. "Mama, umeanguka?"

"Nimeanguka. Nikainuka." Akatutazama kwa zamu. "Daktari alisema nitembee. Nikiwaomba mnasema kesho. Nikaona bora niwaondoe kwanza."

Nikajaribu kusema tuliogopa asiumie. Akanikatiza, tena kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kofi.

"Najua mnanipenda. Lakini wanangu, mlikuwa mnanizika taratibu."

Njia nzima nilijiona mkosaji kwa kumwacha. Kumbe kosa langu lilikuwa la siku zote nilizokaa naye. Kwamba nilipomrudisha kitandani, nusu ilikuwa mapenzi, na nusu ilikuwa wepesi wangu: mgonjwa aliyelala hakatishi mtu kushona.

Siku hizi mama anatembea mpaka kwa jirani. Anayumba, anasimama, anaendelea. Mimi nabaki mlangoni na moyo mkononi, na simkimbilii. Hilo ndilo gumu kuliko kumbeba.

Wewe unayeuguza mtu, nenda kamuulize anataka nini. Halafu nyamaza, umwache ajibu mwenyewe.