Mwanafunzi Asiyetakiwa Kujua

Watu wa ofisi ile walimwita Bi Sijui, naye hakuchukia, maana kutojua ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila asubuhi alikaa mbele ya kompyuta, akafunguliwa programu yao ya kutengeneza muziki mtandaoni, akaambiwa, "Haya, Bi Sijui, tutengenezee wimbo." Basi anaanza kupotea. Tena alitakiwa apotee kwa sauti, aseme kila kinachompita kichwani.

"Hapa naona mistari tu. Mistari ya nini, jamani? Na hiki kitufe chekundu, nikikibonyeza sitaharibu kitu cha watu?"

Nyuma yake walikaa vijana wawili: kaka mmoja aliyeandika programu yenyewe, na dada mmoja aliyechora kurasa zake. Walisikiliza na kuandika. Pale alipokwama yeye, walijua ndipo kila mwanafunzi mpya atakapokwama. Kitufe kilihamishwa. Maneno magumu yalifutwa, na ile mistari ikaandikwa wazi: ngoma, besi, sauti.

Walimpata kwa bahati. Bi Sijui alikuwa anatafuta duka la kupiga picha, akapanda ngazi siyo, akafungua mlango sio, akaanza kuuliza maswali. Mdomo anao! Ujana wake wote alikuwa mpokea simu wa kampuni moja kubwa, kwa hiyo kusema anachokifanya huku akikifanya ilikuwa tabia yake ya siku nyingi. Alistaafu, mumewe akafariki, nyumba ikanyamaza. Alibaki na binti yake wa pekee, muuzaji wa duka la dawa, ambaye anatoka asubuhi na kurudi jioni akiwa hoi.

"Kutwa naongea na friji," aliwaambia vijana siku ya kwanza. "Nayo haijibu, inanguruma tu kama mume aliyenuna."

Walicheka mpaka yule dada akafuta machozi. Hapo ndipo mama wa watu alipopapenda. Mtu aliyekaa na kimya muda mrefu, akipata mahali anaposikilizwa, mtoe hapo uone.

Sasa ubaya wa kufundishwa vizuri ni kwamba mwisho mtu anaelewa. Asubuhi moja Bi Sijui aliweka ngoma, akaongeza besi, akarekodi sauti yake mwenyewe juu, akamaliza wimbo mzima bila kuuliza kitu. Akageuka, anacheka, anangoja kupigiwa makofi. Vijana wanatazamana.

"Mama, umeshajua," alisema yule kaka.

"Si ndiyo vizuri?"

"Kwako vizuri sana. Lakini sisi tunahitaji mtu asiyejua. Itabidi tutafute mwingine."

Loo! Aliona kama mlango wa nyumba yake umefunguliwa na ile friji inamwita. "Nipeni mpaka kesho, wanangu," alisema. "Nitasahau."

Walidhani ni utani wake wa kawaida.

Jengo lile lilikuwa na ngazi za nyuma, za saruji, na katikati yake kona isiyo na dirisha, ambako mita za maji zilikuwa zikilia tik, tik ukutani. Kesho yake Bi Sijui alisimama hapo. Alikumbuka alivyofanya kazi zamani: akishamuunganisha mteja na mtu wake, aliondoa mkono, na mazungumzo hayakuwa yake tena. Akashika reli ya ngazi, akaanza kusema yote aliyojifunza, polepole, kama anamsomea mtu anayeandika. Kwanza fungua wimbo mpya. Ngoma ziko kushoto. Alipomaliza aliondoa mkono kwenye reli, akapanda juu, akakaa, akatazama skrini.

"Hapa naona mistari tu," alisema. "Mistari ya nini, jamani?"

Yule dada aliinama amtazame usoni. "Mama, unatuigizia?"

"Niigize nini tena, mwanangu? Nieleze basi, mimi mgeni."

Hakuwa anaigiza. Na wale vijana, badala ya kumsimamisha palepale na kumpeleka nyumbani, walifanya nini? Waliwasha vinasa sauti vyao, wakaendelea na kazi! Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Walikuwa wamepata lulu: mtu anayekuja mpya kila siku, na ulimi uleule mkali. Programu ikazidi kuwa nyepesi. Watu wasiowahi kugusa chombo chochote cha muziki walikuwa wanamaliza wimbo siku hiyohiyo, wanatuma shukrani kutoka kila pembe. Wazo la kutafuta mtu mwingine lilikufa, na kila asubuhi Bi Sijui alisimama kwanza pale konani, kisha akapanda juu akiwa na furaha ya bibi harusi.

Kosa lilikuwa katika ufasaha wake mwenyewe. Pale konani hakusema mambo ya kompyuta makavu. Mtu wa maneno hawezi. Ili kueleza kupunguza sauti alisema ni kama kupunguza moto maziwa yanapofura. Ili kueleza kupanga sauti moja juu ya nyingine alisema ni kama kusuka nywele za binti yake. Na kila alichokitaja alikiacha pale pamoja na somo lake.

Jioni moja binti alimkuta jikoni, amesimama mbele ya jiko, mikono nyuma.

"Vipi mama?"

"Natafuta pa kuanzia."

Binti alicheka, akawasha mwenyewe. Siku nyingine mama alishika kitana, akakigeuzageuza, akakirudisha mezani. Kisha ikaja asubuhi aliyomwambia binti yake mlangoni, kwa adabu kabisa, "Samahani dada, nipishe nisichelewe bure." Binti hakucheka tena. Alimpeleka hospitali. Daktari alipima hiki na kile, akasema haoni ugonjwa wowote. Siku iliyofuata, binti alipogeuka tu, mama alikuwa ameshatoka kwenda kazini.

Maana ofisini ndiko alikokuwa sawa. Kule kutojua hakukuwa aibu. Mchana ule alikuwa kwenye kiti chake, anauliza besi ni kitu gani, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliingia mwanamke mmoja wa makamo, amevaa koti jeupe la duka la dawa, macho mekundu. Nyuma yake alisimama mlinzi wa jengo, kofia mkononi.

"Mnamfanya nini mama yangu?" aliuliza yule mwanamke.

Bi Sijui alimwonea huruma huyo mama yake, yeyote yule.

"Mwambieni," mlinzi aliwahimiza vijana. "Mimi ngazi za nyuma sipiti tena. Pale konani kuna mtu anafundisha. Ukimulika taa, hakuna mtu."

Yule kaka alitazama chini. Dada ndiye aliyesema, huku analia, "Tumemsikia na sisi. Tulijua ni sauti yake. Tuliogopa kuuliza, dada, kwa sababu kazi ilikuwa inaenda vizuri."

"Ebo! Kazi!" Mwanamke wa koti jeupe alipita katikati yao. Alimshika Bi Sijui mkono. "Twende, mama."

Bi Sijui aliona si vizuri kumchomolea mkono mtu aliye kwenye dhiki. Akafuata. Walishuka kwa ngazi za nyuma, mpaka kwenye kona. Mita zinalia tik, tik. Na hapo, karibu kabisa na masikio yao, mtu alikuwa anaongea.

"...ikizidi punguza, kama unavyopunguza moto, maziwa yasimwagike. Usiogope kukosea, hakuna kinachoharibika. Kisha panga sauti juu ya sauti, kama kusuka nywele za binti yangu. Unaanzia katikati. Ana kovu nyuma ya sikio la kushoto, aliangukia ndoo akiwa mdogo, mpaka leo hapo panamuuma akivutwa. Hapo pita polepole..."

"Hiyo ni sauti yako, mama," alisema yule mwanamke. "Ichukue. Sijui uliiachaje hapa, lakini irudishe. Nakuomba."

Bi Sijui alisikiliza vizuri, kichwa upande, kama alivyosikiliza kila kitu. Sauti nzuri. Sauti ya mtu aliyezoea kuongea.

"Huyu mama anampenda sana mwanawe," alisema. "Si haki aachwe hapa gizani anaongea peke yake. Huyo mtoto yuko wapi? Aitwe basi."

Yule mwanamke alilia kwa sauti, bila kujificha. Kisha akapiga goti kwenye ngazi, akasogeza nywele zake, akauchukua mkono wa Bi Sijui na kuuweka nyuma ya sikio lake la kushoto.

Palikuwa na kovu dogo, gumu. Bi Sijui alilipapasa. Pale gizani sauti ilikuwa imerudia tangu mwanzo, fungua wimbo mpya, ngoma ziko kushoto, na yeye akangoja kwa subira mpaka ilipofika kwenye nywele. Akafuata kama alivyoelekezwa, kidole kikapita polepole.

"Hivi?" alimuuliza mgeni wake. "Nimepatia?"

"Hivyo hivyo, mama," alijibu binti yake. "Umepatia."