Kurasa Zilizobandikwa kwa Uji wa Ngano

Juzi shuleni tulipika gundi ya unga wa ngano ili tubandike ratiba ya mitihani ukutani. Ile harufu ya uji uliochacha kidogo ilinirudisha mbio sebuleni kwetu Kitengela, nikiwa na miaka kumi na moja, kitabu mapajani, na akina mama tisa wakinitazama kama redio.

Mama yangu na wenzake wa kanisa walikutana kwetu kila Alhamisi alasiri. Baada ya maombi walitaka hadithi, na hadithi zilitoka kwenye sanduku la bati la Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu: vitabu vya Kiingereza, mapenzi ya Wakristo wa zamani, vilivyoachwa na wageni fulani. Mimi ndiye nilikuwa nasoma na kuwageuzia kwa Kiswahili. Darasani nilikuwa naona haya hata kuitikia jina langu, lakini nyuma ya kitabu sauti ilitoka vizuri, kwa sababu haikuwa yangu.

Kitabu cha muhula ule, wacha niseme ukweli, kilikuwa takataka. Klara, binti wa mchungaji, alikuwa na macho ya rangi ya mbingu na alizimia mara nne kabla ya ukurasa wa mia. Alimpenda Danieli, mhunzi kutoka kwa watu wa ng'ambo ya mto, ambao kijiji kizima kiliwaita wachafu. Humo ndani hakuna aliyefua wala kupika. Walipanda farasi na kuomba tu. Na akina mama walikililia hicho kitabu mpaka leso zikalowa.

"Ubaguzi ni dhambi mbaya," alisema Mama Pasta akifuta miwani.

"Ni shetani mwenyewe," mama akaitikia, kisha akainuka kufunga dirisha ili moshi wa ubani wa Mama Nasra usiingie kwetu.

Mama Nasra alikuwa jirani yetu, mwenye duka la vitambaa, Mwislamu aliyetoka upande wa Garissa. Ua wa mabati tu ndio ulitutenganisha. Binti yake Nasra alikuwa rafiki yangu wa pekee, na simaanishi wa karibu, namaanisha sikuwa na mwingine.

Sasa, Mama Pasta alikuwa na kazi yake. Kila kitabu alikisoma kwanza yeye, bakuli la gundi ya unga kando, na popote watu walipobusiana alizibandika zile kurasa mbili zinazotazamana. Nikifika hapo niliruka, kama mtu anavyoruka mtaro. Hakuna aliyeuliza.

Nasra ndiye aliuliza. Kitabu kilikaa kwetu wiki nzima ili nijitayarishe, na Jumatano tulikuwa tunasoma pamoja jikoni.

"Danieli ameshikwa kwa wizi wa sahani ya kanisa, halafu ukurasa ujao ako harusini? Wacha ujinga, Mwende. Leta birika."

Tulizifungua kwa mvuke. Busu lenyewe lilikuwa mistari miwili, fupi kuliko tangazo la kanisani. Lakini kwenye ukurasa wa pili, ule uliofunikwa kwa bahati mbaya tu, Klara alisimama mbele ya ushirika wote akasema Danieli hakuiba kitu. Siku ya wizi alikuwa naye mtoni, wawili peke yao. Alijua watamwaibisha. Alisema tu.

"Soma tena," Nasra akasema, akiwa ameshika kona ya karatasi isijikunje. Nikasoma tena.

"Huyu sasa ni mtu. Hata hajazimia."

Kesho yake Mama Pasta akaona karatasi zimejikunyata.

"Nani amefungua hapa?"

Macho ya mama yakaenda kwenye ua wa mabati. "Yule msichana wa jirani huwa anakuja hapa."

"Ndio hao! Si hawataki vitabu vyetu?" akasema Mama Pasta. Ati hawavitaki, na hapo hapo wanavifungua kwa mvuke. Hakuna aliyeona kichekesho. "Mwende, jana alikuwa hapa?"

"Alikuwa," nikasema.

Sikudanganya hata neno moja.

"Basi asikanyage hapa tena," mama akasema. Akapika gundi mpya, kurasa zikabandikwa, dirisha likafunguliwa kwa sababu ya joto. "Haya, soma mama."

Nikasoma. Nilisoma jinsi walivyomshika Danieli bila ushahidi kwa sababu tu ya watu wake. "Ai, mtoto wa wenyewe!" wakalia. "Binadamu hawana huruma!" Ng'ambo ya mabati Nasra alikuwa anaanika nguo. Niliona kichwa chake na mkono ulioinua shati bichi. Nilipofika kwenye zile kurasa, ule mkono ukasimama hewani, shati likidondoka maji, wala haukushuka.

Nikaruka. Harusi. Akina mama wakapiga vigelegele.

Nasra siku hizi anasoma bweni huko Kajiado. Tukikutana likizo ananiambia, "Umeshinda aje, Mwende," vizuri kabisa, kama anavyosalimia wateja wa mama yake.

Miaka mingi niliwadharau wale akina mama na machozi yao ya bure, na bado nawadharau, sitaki kusema uongo kwenye daftari langu mwenyewe. Lakini juzi, vidole vikiwa vimegandwa na ule uji, ndipo nilielewa kwamba wao walikuwa na kisingizio. Ule ukurasa hawakuwahi kuusikia. Mimi niliusoma mara mbili, Nasra akinishikia karatasi.