Karanga juu ya Boneti

Mkojo wa panya ukichomwa na joto la injini hutoa harufu kali inayokaba koo, na ukiisikia mara moja huwezi kuisahau. Mimi niliisikia nikiwa darasa la nne, katika banda la mabati nyuma ya nyumba yetu kule Nshamba, mwaka ambao baba alivunjika mguu. Pikapu yetu ndiyo iliyotulisha. Ilibeba ndizi na kahawa za watu kupeleka Bukoba, na ikirudi ilibeba saruji, chumvi, hata maharusi. Baba alipoanguka kutoka juu ya mzigo na kupelekwa Mwanza kutibiwa, pikapu iliingizwa bandani, naye mdogo wake, baba mdogo Erasto, akakabidhiwa ufunguo. Alikuwa kijana ambaye hajaoa bado, aliyeishi nasi na kulima nasi kibanja, shamba letu la migomba.

Baba mdogo aliiuguza pikapu ile kama mgonjwa wa pili wa familia. Alifyeka majani yote kuzunguka banda, akafagia sakafu, akaziba kwa wavu wa chuma tundu ambamo injini huvutia hewa. Boneti aliiacha wazi usiku na mchana, akaitegemeza kwa kijiti cha mbuni, maana panya hapendi kulala penye mwanga na upepo. Kila Jumamosi aliwasha injini, nasi watoto tulikimbilia kuisikiliza ikikohoa, kisha ikitulia na kunguruma. "Panya hafuati gari," alizoea kutuambia. "Anafuata chakula na kitanda. Mnyime vyote viwili, atakwenda kwa jirani."

Kisha masika yakaingia mapema, karanga zetu zikiwa ndiyo kwanza zimeng'olewa. Stoo ya nyumba ilivuja, na mama, aliyebaki na watoto wanne na mume hospitalini, aliziona karanga zake zikianza kuota ukungu. Mahali pakavu palikuwa bandani tu. Akazihamishia huko. Magunia akayapanga ubavuni mwa pikapu, kijiti akakiondoa, boneti akaifunga, akazitandaza karanga juu yake, kwa sababu mabati yalipopata jua kidogo bati lile lilipata joto na kuzikausha vizuri. Baba mdogo alirudi kutoka shambani akasimama mlangoni, matope yakimtiririka miguuni.

"Shemeji, ukiweka chakula hapa unawaita."

"Waitu, Erasto," mama akamsihi kwa lugha ya kwetu, "siku mbili tatu tu. Mvua ikikatika nitazitoa."

"Basi niache niifungue hata usiku."

"Na karanga nizimwage wapi?"

Mvua haikukatika. Baba mdogo aliomba tena, na tena, lakini yeye ni shemeji tu na mama ndiye mwenye nyumba. Siku moja ya Jumamosi alizungusha ufunguo na injini ikanyamaza. Aliziondoa karanga kwa mikono yake mwenyewe, akafungua boneti, na ndipo ile harufu ilipotupiga usoni. Kati ya betri na injini kulikuwa na kiota cha majani makavu ya migomba na nyuzi za magunia, na ndani yake vitoto vyekundu visivyo na manyoya. Nyaya zilikuwa zimetafunwa hadi shaba ikaonekana. Mama alijishika kichwa. Nilimsikia akimsihi: "Usimwambie kaka yako akiwa kitandani. Nitamwambia mwenyewe akirudi." Baba mdogo akakubali. Mama akatoa magunia siku ileile, akafagia banda hadi kona ya mwisho.

Baba alirudi na magongo, sebule ikajaa majirani waliokuja kumpa pole. Hakumaliza hata chai. Alitaka kusikia pikapu yake. Alipotoka bandani uso wake ulikuwa umekauka. Alimwita mdogo wake mbele ya wote. "Erasto, nilikuachia kitu kimoja tu."

Baba mdogo alimtazama mama. Sisi watoto pia tulimtazama. Mama alikuwa akimimina chai, na aliendelea kuimimina mpaka kikombe kikafurika na sahani yake ikajaa. 

"Nisamehe, kaka," akasema baba mdogo. Kesho yake asubuhi alifunga nguo zake akaenda Bukoba.

Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini nadhani mama aliuhisi uzito wa mzigo ule kuliko aliyeubeba. Aliacha kula karanga. Kanisani alianza wimbo pamoja na wenzake, akaishia katikati. Akitenga chakula alichukua sahani ya baba mdogo, akaikumbuka, akairudisha kabatini huku akikwepa macho yetu. Fundi alipokuja kutoka Muleba kubadilisha nyaya, alitia mkono nyuma ya betri akatoa ganda la karanga, halafu jingine, hadi kiganja kikajaa. "Hawa walikuwa na karamu," akacheka. "Lakini panya hubeba chakula kutoka mbali, mzee." Baba akaitikia kwa kichwa. Yangeweza kuishia hapo.

"Hazikutoka mbali," mama akasema. Alisimulia yote akiwa amesimama, mikono ndani ya khanga, na baba hakumkatiza. Alipomaliza, baba alisema tu, "Na ulimwacha aondoke."

Safari ya kwanza ya pikapu ilikuwa ya kwenda Hamugembe, mjini Bukoba, kwenye chumba alichopanga baba mdogo. Mama alipiga magoti mbele ya kijana mdogo kwake kwa umri. Baba mdogo alimwinua haraka, kwa aibu. "Nilikusamehe siku ileile, shemeji. Lakini kurudi, sirudi." Baba naye aliomba radhi. Tulikula pamoja, tukaondoka bila yeye.

Leo naishi Miembeni, Bukoba hapo hapo, nina gari dogo, na likisumbua nalipeleka kwa baba mdogo, kwani alijifunza ufundi huko huko mjini na sasa ana gereji yake na vijana anaowafundisha. Panya bado wanakula nyaya za watu, na kila mtu ana dawa yake ya dukani. Sikukuu tunakutana Nshamba, tunacheka, na mgeni hawezi kujua kwamba kulikuwa na jambo. Mwaka jana, nikitaka kumtua mama mzigo, nilimwambia: "Mama, kama si zile karanga, baba mdogo asingekuwa na gereji."

Aliendelea kumenya ndizi, kisha akanijibu bila kuinua uso. "Alichokipata ni jasho lake. Nilichomnyang'anya mimi ni nyumba ya kaka yake, na humo hajawahi kulala tena."

Sijamwambia tena maneno yale.